Je, wajua nani huwateremsha warukaji wa Palo Volador, ngoma ya kujirusha kwa kamba kutoka kileleni mwa mlingoti?

Hakuna mtu. Wanashushwa na mlingoti wenyewe pamoja na uzito wao.

Huko Chichicastenango, nyanda za juu za Guatemala, ngoma hii huchezwa sikukuu ya Mtakatifu Tomaso, Desemba 21. Msonobari mrefu husimamishwa karibu na kanisa, na Wamaya wa Kiche hupanda mpaka kileleni, kwa kawaida wawili wawili, kisha hujirusha wakiwa na kamba. Mji wa Joyabaj huicheza Agosti, na wa Cubulco Julai.

Wanaoitazama kwenye video huwa na majibu mawili. La kwanza ni kwamba kamba ni ya mpira, kama ya wanaojirusha madarajani. Hilo halisimami: mpira ungewavuta juu tena, na hawa hawarudi juu hata shubiri moja. La pili, kwamba kuna mtu juu anayelegeza kamba taratibu, ni gumu kuling'oa, maana Papantla, Mexico, ambako Watotonaki wana ngoma ya aina hiyohiyo, kweli yupo mtu kileleni. Ila yeye anapuliza filimbi na kupiga kingoma. Kamba haigusi.

Mfikirie mbuzi aliyefungwa mtini. Akizunguka kutwa, kamba inajiviringisha mpaka pua inagusa gome. Urefu wake haujapungua. Umemezwa na mti, na akitaka kuurudisha lazima azunguke kinyume. Akivuta moja kwa moja anajikaba bure. Warukaji wanaanzia pale mbuzi alipokwamia. Kamba zimekwisha kuviringishwa kwenye mlingoti, zikapitishwa juu ya fremu ya mbao inayozunguka. Uzito unavuta, lakini kamba haitoki mpaka fremu izunguke, na kila mzunguko unaachia kipande kifupi tu. Kadiri kamba inavyorefuka ndivyo duara linavyopanuka na mizunguko kuwa ya polepole, hata mrukaji akagusa ardhi akikimbia hatua chache tu.

Kwa hiyo idadi ya mizunguko hupangwa wakati wa kuviringisha, kabla mtu hajaruka. Papantla warukaji ni wanne, na hesabu ya jadi ni mizunguko 13 kwa kila mmoja: jumla 52, sawa na miaka ya duru kubwa ya kalenda ya kale ya eneo hilo.

Guatemala nako kuna nyani. Katika Popol Vuh, kitabu cha masimulizi ya Wakiche, ndugu wawili, Hun Batz na Hun Chouen, wanapandishwa mtini na wadogo zao kwa hila. Mti unarefuka, wanashindwa kushuka, na nguo zao za kiunoni zinageuka mikia. Baadhi ya wachezaji wa Guatemala huvaa kama nyani, na wengi huiona ngoma kama igizo la kisa hicho. Inawezekana, ingawa kisa hakiwezi kuwa chanzo chote: Watotonaki si Wamaya, na wao husema wanaruka kuomba mvua na rutuba. Ngoma ya Mexico ndiyo iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2009.