Kuamsha altaneta: kazi ya pili ya taa ya chaji

Kuzungushwa na mkanda peke yake hakuitoshi altaneta, yaani mashine inayozalisha umeme wa kuchaji betri injini ikizunguka. Ndani yake mna rota, yaani waya wa shaba uliozungushwa kwenye chuma, na rota hiyo haiwi sumaku ya maana mpaka ipate umeme kidogo kutoka kwenye betri. Umeme huo wa mwanzo ndio unaoiamsha altaneta.

Kwenye matrekta na magari mengi ya zamani, umeme huo hupitia taa nyekundu ya chaji. Ukiwasha swichi, unatoka kwenye betri, unapita kwenye balbu, kisha unafuata waya mwembamba hadi kwenye altaneta, pale palipoandikwa D+ au L, na kuingia kwenye rota kupitia kaboni, yaani vipande vidogo vinavyogusa rota na kuipelekea umeme. Balbu inawaka. Injini ikishaunguruma, altaneta inajilisha yenyewe, volti za pande mbili za balbu zinalingana, na taa inazimika. Kwa hiyo balbu ile ni sehemu ya njia ya umeme, si ya kumwarifu dereva tu.

Inauma kuona altaneta nzima ikitupwa kwa sababu ya balbu iliyoungua. Mtu anafunga altaneta nyingine, nayo haichaji! Wakati mwingine mabaki ya sumaku kwenye rota huiamsha altaneta ukivuta mafuta kwa nguvu, kisha inachaji vizuri hadi uzime injini. Ukiona hivyo, shuku balbu na waya wake kwanza.

Kupima ni rahisi. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa isipowaka, chomoa ule waya mwembamba na uugusishe kwenye chuma cha injini. Ikiwaka sasa, balbu na waya ni vizima; ubaya uko ndani ya altaneta, na mara nyingi ni kaboni zilizokwisha au regyuleta, yaani kidhibiti cha volti. Isipowaka bado, tafuta balbu iliyoungua, fyuzi au waya uliokatika. Waya mnene wa altaneta usiugusishe na chuma kamwe, kwa maana umeunganishwa moja kwa moja na betri.

Kwa mfumo wa volti 12, betri iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6. Injini ikizunguka, tarajia kati ya 13.8 na 14.5. Usichomoe betri injini ikiwa inazunguka ili "kujaribu" altaneta: volti huruka ghafla na kuua daiodi, yaani vipande vya altaneta vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu.

Ukibadilisha balbu, weka ya aina ileile ya zamani, ya wati 2 au 3 hivi. Balbu ya LED hupitisha umeme mdogo mno, na altaneta inaweza isiamke mpaka uiwekee rezista sambamba nayo.

Na kama trekta lako lilikuwa na dainamo, yaani mashine ya kuchaji ya kizamani kabla ya altaneta, kagua kwanza upande upi wa betri umefungwa kwenye bodi. Mengi ya zamani yalifungwa chanya, ilhali altaneta nyingi zinataka hasi. Ukiunganisha kinyume, daiodi zinaungua papo hapo.