Kuzaliwa Malindi si Kinga ya Malaria

Juma lililopita nilisikia tena maneno yale yale, safari hii kutoka kwa bwana mmoja wa makamo aliyeishi Uingereza miaka 18. Alikuwa amejifunika shuka mbili adhuhuri ya Malindi, meno yakigongana, na bado akinieleza kwamba haiwezi kuwa malaria. "Daktari, mimi nimezaliwa Shela hapa hapa. Mbu wa huku wananijua." Nilimjibu kwamba basi wamemkaribisha vyema, kwa kuwa hadubini ilionyesha vimelea vya malaria, Plasmodium falciparum, tele.

Kinga anayoitegemea ipo, wala siikatai. Anayeumwa na mbu wenye vimelea mwaka hadi mwaka tangu utotoni hujenga kinga ya kiasi, isiyozuia vimelea kuingia mwilini bali inayovizuia visimwangushe. Ndiyo maana mtu mzima wa huku huweza kuwa navyo katika damu na asubuhi akaenda kuvua. Lakini kinga hiyo hudumu kwa kuchokozwa. Jahazi likikaa nchi kavu miaka mingi mbao hukauka na kalafati hulegea, na hakuna nahodha atakayelishusha majini kwa hoja kwamba liliundwa Lamu. Ama watoto wa bwana huyo, waliozaliwa huko ng'ambo, hao hawakupata kuwa na kinga hiyo hata chembe, na bado walilazwa bila chandarua kwa heshima ya asili ya baba yao!

Hata hivyo, nakiri kwamba sina kipimo cha kunionyesha kinga ya mtu imebaki kiasi gani, na kwa kuwa malaria imepungua pwani, hata kwa wenyeji wasiosafiri sina tena uhakika niliokuwa nao zamani. Kwa hiyo mwenyeji aliyerudi namhesabu mgeni.

Mengine ni mepesi. Lala ndani ya chandarua chenye dawa, maana Anopheles, mbu anayeeneza malaria, huuma zaidi usiku. Doksisaiklini, dawa ya kujikinga na malaria, huanzwa siku 1 au 2 kabla ya kufika, humezwa kila siku, na huendelea wiki 4 baada ya kuondoka. Wajawazito na watoto wadogo huandikiwa dawa nyingine. Dawa ya bwana yule tuliikuta mkobani, kisanduku hakijafunguliwa.

Nilimwambia kwamba watoto wakipata homa hata wiki kadhaa baada ya kurudi Uingereza, wapimwe malaria siku hiyo hiyo.

"Kule hakuna mbu, daktari," akasema, akitetemeka.