Chaji iliyobaki ndani ya amplifaya ya vali: maana yake na namna ya kuitoa

Amplifaya ya gitaa ya vali, yaani ile inayokuza sauti kwa taa za kioo badala ya transista, hubaki na umeme ndani hata ukishaichomoa ukutani. Umeme huo ndio chaji iliyobaki, na hukaa kwenye kapasita kubwa za upande wa pawa, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme. Naandika nikiwafikiria zaidi mafundi redio wa Malindi, wanaoletewa vyombo vya wanamuziki wa hotelini na wa harusini. Mkono uliozoea vyombo vya transista, vingi vikiwa na makumi machache ya volti, huingia ndani ya amplifaya ya vali bila hofu. Humo mna volti 300 hadi 500.

Umeme wetu wa ukutani ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Transfoma huupandisha, kisha daiodi au vali huugeuza uende upande mmoja tu, lakini hutoka kwa mapigo, 100 kila sekunde. Kapasita hujaa pigo linapopanda na kutoa linaposhuka, kama tangi la juu ya nyumba linaloendelea kutoa maji hata pampu ikizimwa. Zikichoka, spika huvuma hata gitaa halijaguswa, na mara nyingi huo mvumo ndio unaomleta mteja kwako. Kwa hiyo kazi yenyewe inakupeleka moja kwa moja penye hatari. Na kapasita iliyochoka bado inaweza kushika volti za kuua.

Chaji hiyo inaweza kukaa kwa saa nyingi. Baadhi ya amplifaya zina rezista, kipande kinachozuia umeme usipite kwa kasi, ya kuimwaga polepole, ila rezista huungua na kukatika bila dalili ya nje, kwa hiyo usiitegemee. Ikiwa kuna swichi ya standbai, ile inayokatia vali volti kubwa huku zikibaki za moto, zima pawa ukiiacha standbai upande wa kupiga. Vali zikiwa bado za moto zitakula sehemu kubwa ya chaji. Ukianza kwa kukata standbai, umeifungia chaji njia ya kutoka.

Wako wanaogusisha bisibisi kati ya kapasita na chesisi, yaani fremu ya chuma ya amplifaya. Naipinga kabisa tabia hiyo. Cheche yake huyeyusha chuma na inaweza kuiharibu kapasita. Tumia rezista ya ohmu 100,000 yenye wati 3 au zaidi, iliyofunikwa vizuri, na waya wenye kibanio kila upande. Chomoa plagi, vua saa na pete, futa jasho, maana ngozi yenye maji hupitisha umeme kwa urahisi. Bana chesisi kwanza, kisha kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa mbali na chombo, bana upande chanya wa kapasita. Kapasita ya maikrofaradi 50 yenye volti 450 itashuka hadi volti 3 hivi kwa sekunde 25. Ikiwa ni maikrofaradi 100, ngoja mara mbili yake.

Halafu pima. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 1000, waya mweusi kwenye chesisi, mwekundu kwenye kapasita. Hapa pwani hatua hii ina uzito wa pekee. Hewa ya chumvi hula chesisi na meno ya kibanio, ukadhani umebana chuma kumbe umebana kutu, na chaji iko palepale. Kwangua mpaka chuma king'ae. Na mita yenyewe ijaribu kwanza kwenye betri, usije ukasoma sifuri kwa sababu ya waya uliokatika.

Pima kapasita zote, moja moja. Kwa kawaida huunganishwa kwa rezista, na ukimwaga ya kwanza nyingine hufuata. Rezista ya katikati ikiwa imekatika, zilizo nyuma yake hubaki zimejaa.

Kapasita iliyomwagwa ikiachwa wazi hujirudishia volti kiasi, kwa sababu chaji nyingine hunata ndani ya kihami chake, yaani tabaka lisilopitisha umeme. Ndiyo maana kibanio hubaki mahali pake muda wote unapolehemu. Kitoe kabla ya kuwasha. Ukikisahau, rezista itachemka tu, lakini aliyetumia waya mtupu usio na rezista atachoma fyuzi, na mwenye bahati mbaya atachoma transfoma.