Dunga alfajiri: kuwatafuta ndege wa mafunjo kwa masikio

Wageni wangu wengi huniuliza kwanza kuhusu kamera. Mimi huwauliza kama wanaweza kuamka. Ukifika ufuko wa Dunga, hapa Kisumu kwenye Ziwa Viktoria, saa 12 asubuhi kabla jua halijachomoza, una saa tatu nzuri mbele yako. Ukifika saa 4, upepo umekutangulia.

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, kwa hiyo alfajiri kunakuwa na pumzi hafifu tu inayotoka bara kwenda majini. Jua likipanda, ardhi hushika joto haraka, hewa yake huinuka, na upepo wa ziwa huja kujaza nafasi. Hapo Ghuba ya Winam huanza kupiga mawimbi na mafunjo yote hutikisika pamoja. Alfajiri, bua moja likitikisika peke yake unajua kuna kiumbe. Saa 4 hujui lolote.

Mafunjo, ambayo Waluo huyaita togo, hufika mita nne na zaidi. Bua halina majani. Juu kabisa lina kishungi cha nyuzi za kijani, na chini ya vishungi hivyo ni giza tupu. Kuna ndege ambao karibu maisha yao yote yamo katika giza hilo. Maarufu kuliko wote ni goneleki wa mafunjo: mweusi mgongoni, mwekundu wa damu kifuani, utosi wa manjano ya dhahabu, na mstari mweupe bawani. Hapatikani mahali pengine ila kwenye mafunjo ya ukanda huu wa Ziwa Viktoria, Uganda na majirani zake upande wa magharibi. Naivasha kuna mafunjo pia, lakini yeye hayupo.

Huwezi kumtafuta kwa macho. Nawaambia wageni waache darubini shingoni kwa dakika 15 za kwanza. Kuna ndege mdogo wa kahawia iliyokoza, ana weupe kidogo kwenye bega la bawa, ambaye watu hurudi nyumbani bila kumwona kabisa. Lakini sikiliza: tiu... tiu... tiu, polepole, kisha haraka, kisha haraka zaidi, kama mpira ulioangushwa sakafuni ukidunda mpaka utulie, na mwishoni mabawa yanapigwa parrr. Ukisikia hivyo, umempata, na utajua pa kuelekeza macho. Goneleki yeye ana sauti laini, nzito kidogo, ya mapigo mawili mawili, na mara nyingine mwenzake hudakia kwa mkwaruzo mkavu. Wanaimba wawili, hivyo sikiliza pande mbili.

Kuhusu darubini, chukua ya kukuza mara 8. Ya mara 10 kwenye mtumbwi hukuza na mtikisiko wako. Nguo za rangi iliyofifia, jaketi ya kuelea mwilini, na neno la mwisho kuhusu viboko ni la mwenye mtumbwi, hata kama ndege uliyemngoja mwaka mzima yuko mita kumi mbele.

Sasa suala la simu, ambalo linaniuma. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nacheza sauti ya goneleki kwa simu ili atoke. Hutoka kweli, kwa kuwa anadhani mpinzani ameingia kwake. Asubuhi moja alitoka mara ya tatu, akatua karibu na mtumbwi, manyoya ya mgongo yamesimama. Mgeni wangu akapiga picha zake. Nyuma, chini kidogo, nikamwona mwenzake ana kiwavi cha kijani mdomoni. Hakushuka kiotani. Alikaa palepale na kiwavi chake muda wote simu ilipokuwa ikilia, na dakika nyingi baada ya kuizima. Sijaicheza tena.

Siku hizi tunangoja. Mzee anayetupeleka huchomeka upondo kwenye tope penye uwazi kati ya kuta mbili za mafunjo, mtumbwi ukatulia. Mgeni akianza kuhangaika, mzee humwambia kwa sauti ya chini, "Tulia, mwanangu, amekwisha kutuona." Mara nyingi hutoka ndani ya nusu saa. Kwanza bua linainama, kisha wekundu, kisha hakuna kitu, kisha yuko wazi mzima mzima anachokoachokoa shina kutafuta wadudu.

Utakuta pia sehemu ambazo mafunjo yamekatwa. Siwalaumu wakataji; mikeka na vikapu vinalisha nyumba nyingi hapa, na mafunjo yaliyokatwa huchipua upya. Goneleki anahitaji marefu yaliyosongamana, kwa hiyo yakikatwa kwa zamu, na kuta zikabakizwa, ana pa kuhamia. Ardhi yake inapolimwa ndipo hayarudi. Watafiti waliolinganisha picha za kutoka angani walikuta takriban nusu ya mafunjo ya Dunga ilitoweka kati ya 1969 na 2000. Chiriku wa mafunjo hutoka kwenda kula pembezoni mwa mashamba, na watu wakimwona huko hudhani wote watazoea. Goneleki hatoki.

Upepo ukifika, rudini ufukweni mnywe chai. Kisha msipande boda kurudi mjini. Tembeeni kwa miguu mkifuata barabara, mkikagua vichaka na nyua. Humo yumo ndugu yake, goneleki wa kichwa cheusi, tumbo jekundu vilevile, ila hana utosi wa dhahabu wala weupe bawani. Wageni wengi humwona yeye wakaandika jina la mwenzake. Simameni mumsikilize: filimbi moja kali, na kabla haijaisha, mwenzake anapasua kama kitambaa kinachochanwa.