Je, wajua kwa nini wakulima wengi huachana na nyanya za kitalu nyumba?

Sehemu nyingi za Kenya, na Tanzania pia, utakutana na vitalu nyumba vilivyobaki mifupa: nguzo zimesimama, nailoni imechanika, ndani magugu. Nilidhani wenyewe walishindwa na bei ya soko. Bei huumiza kweli, lakini anayelima nyanya nje huuza kwa bei hiyohiyo na bado anapanda. Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kuamini kwamba nyumba hiyo hukinga kila ugonjwa. Huzuia mvua kulowesha majani, ndiyo maana ugonjwa wa baka jani hupungua, na wavu mzuri huzuia inzi weupe. Ila ina paa na kuta tu. Sakafu ni udongo uleule wa shambani, na adui mkubwa hutokea huko chini.

Ugonjwa wenyewe ni mnyauko bakteria, unaoletwa na Ralstonia solanacearum. Bakteria hao huingia kwenye kidonda cha mzizi, mara nyingi kilichotobolewa na minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyovimbisha mizizi, kisha hujazana katika mirija inayopandisha maji. Ni kama mpira wa kumwagilia ulioziba kwa ute: tangi limejaa, bomba liko wazi, tone halifiki mwisho. Mche unakufa kwa kiu katika udongo uliolowa. Mchana unalegea, jioni unainuka, baada ya siku chache hauinuki tena, na majani bado ni ya kijani. Mkulima huongeza maji, na maji hayo huwasafirisha bakteria hadi shina la jirani.

Kata kipande cha shina, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Dakika chache tu, nyuzi nyeupe kama maziwa huanza kushuka. Ndio bakteria hao, unawaona kwa macho! Zisiposhuka, na majani ya chini yalitangulia kuwa manjano, huenda ni mnyauko fuzari, ambao huletwa na kuvu.

Shambani ungehamia kipande kingine, au ungepanda mahindi misimu kadhaa. Kitalu nyumba hakihami, na deni lake hulipwa kwa nyanya. Basi nyanya hufuata nyanya, au hoho, ambayo ni ya ukoo huohuo, katika joto la nyuzi 25 hadi 35 ambalo bakteria hawa hulipenda. Udongo huwahifadhi kwa miaka.

Ili kuukwepa udongo huo, wapo wanaopanda kwenye mifuko ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, na wapo wanaobebesha miche juu ya mashina sugu, ingawa shina linalostahimili bakteria wa eneo moja huweza kushindwa na wa eneo jingine.