Je, Via Dolorosa ndiyo njia yenyewe aliyopita Yesu?

Wanaorudi Nairobi kutoka hija ya Yerusalemu husimulia kwamba kwenye Via Dolorosa, barabara ya mji huo wanayoifuata mahujaji, walikanyaga mawe yaleyale aliyokanyaga Yesu akibeba msalaba. Wengi wetu tumekua tukiamini hivyo. Lakini Warumi waliubomoa mji huo mwaka 70, ukajengwa upya juu ya vifusi, na njia inayofuatwa leo ilipangwa karne nyingi baadaye. Unaweza kujihakikishia nyumbani: fungua Injili zote nne. Hazitaji barabara aliyopitishwa. Tafuta pia vituo vya 3, 7 na 9 vya Njia ya Msalaba (sala ya kutafakari mateso ya Yesu kituo kwa kituo), pale Yesu anapoanguka: havimo. Ni mapokeo, nayo yana uzito wake (mimi huisali kila Kwaresima). Ukienda, muulize anayewaongoza: hili limeandikwa, limechimbuliwa, au limepokewa tu?