"Huyu ni mvivu tu": dhana potofu kuhusu utendaji wa wafanyakazi, na ukweli wake

Dodoma ya leo imejaa waajiri na waajiriwa. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, ofisi zimeongezeka Mtumba, hoteli zimeota kila kona, na viwanda vidogo vya Kizota vimepata wateja ambao zamani hawakuwepo. Kila mahali hapo kuna mtu anayewasimamia wenzake, na wengi wao hawakuwahi kufundishwa namna ya kusimamia. Walikuwa mafundi wazuri au wahasibu wazuri, wakapandishwa cheo. Wakashika yale waliyoyasikia kwa mabosi wao, na mengi kati ya hayo si kweli. Wanaoumia ni wafanyakazi, na kazi yenyewe inaharibika.

"Kazi ikilala, kuna mtu mvivu"

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyowatia watu wengi machozi bila kosa.

Chukua mashine ya kukamua alizeti, ya aina iliyojaa Singida na Dodoma. Mafuta yanapungua. Bosi anapiga hesabu ya magunia yaliyoingia na madumu yaliyotoka, anaona pengo, anamwita mwendesha mashine: ama unaiba, ama umezembea. Sasa toka ofisini uende kwenye mashine. Chukua mashudu yanayotoka, yaminye kiganjani. Yakiacha mafuta mkononi, ina maana mashine haikamui vizuri, na mara nyingi sababu ni skrubu iliyolika, inayotakiwa kujazwa au kubadilishwa. Au shika mbegu zenyewe: zikiwa na unyevu kwa sababu zilinunuliwa hazijakauka sawasawa, hata fundi bingwa hatatoa mafuta ya kutosha. Skrubu hununuliwa na mwenye kiwanda. Mbegu hupokelewa na mtu wa ghala. Mwendesha mashine hana mamlaka juu ya hata kimoja, lakini barua ya kujieleza inaandikwa kwa jina lake.

Ofisini ni hivyo hivyo. Mwananchi analalamika kwamba barua yake imekaa wiki tatu. Lawama zinashuka masjala, kwa karani. Ukilifungua jalada na kusoma tarehe za dokezo moja baada ya jingine, unakuta karani alilifungua siku ileile, likapanda juu, likakaa mezani kwa mkubwa aliyekuwa safarini bila kumwachia mtu madaraka ya kusaini.

W. Edwards Deming, mtakwimu wa Marekani aliyeanza kuwafundisha wenye viwanda wa Japani mwaka 1950, alisisitiza jambo hili mpaka alipofariki mwaka 1993: sehemu kubwa ya kasoro za kazi hutokana na mfumo wa kazi wenyewe, na mfumo huo uko mikononi mwa uongozi, si mikononi mwa mfanyakazi. Sisemi wavivu hawapo. Wapo, na tutafika kwao. Ninachosema ni kwamba uvivu uwe jibu la mwisho baada ya kuangalia vifaa, malighafi, maelekezo na mtiririko wa kazi. Kwa wasimamizi wengi huwa ndilo jibu la kwanza, kwa sababu halihitaji kuinuka kutoka kwenye kiti.

"Kila mtu anajua kazi yake"

Hajui. Muulize msimamizi aandike kwenye karatasi mambo matatu anayoyategemea kwa mhudumu wa mapokezi, kisha mhudumu naye aandike yake bila kuonana. Ni zoezi la dakika kumi, na mara nyingi karatasi hizo mbili hazifanani. Msimamizi kaandika wageni waingizwe vyumbani haraka. Mhudumu kaandika pesa ya droo isipungue, kwa sababu pesa ikipungua ndipo hugombezwa.

Neno tunalolipenda kwenye vikao ni "jitahidini". Kila kikao cha Jumatatu kinaishia hapo. Watafiti Edwin Locke na Gary Latham walitumia miaka mingi kuchunguza malengo kazini, na matokeo yao yamerudiwa sana: mtu aliyepewa lengo mahususi na gumu kiasi hufanya kazi zaidi kuliko aliyeambiwa ajitahidi awezavyo. Lakini kuna masharti. Lazima awe na uwezo wa kazi hiyo, awe amelikubali lengo, na awe anaonyeshwa amefika wapi. Lengo lililobandikwa ukutani na mkurugenzi bila kuzungumza na wahusika limekosa mawili kati ya hayo matatu.

Kwa hiyo badala ya "boresheni huduma", sema: kila barua inayoingia masjala iwe mezani kwa mhusika kabla ya saa kumi jioni siku ileile. Hapo karani anajua, msimamizi anajua, na mtu yeyote anaweza kuhesabu.

"Tathmini ni kazi ya Juni"

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai mosi na kwisha Juni 30, na ndiyo maana wiki za mwisho za Juni watu walihangaika na fomu. OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi ulioanza katika utumishi wa umma mwaka 2004, ilikuja kuondoa tathmini ya siri ya zamani, ile ambayo mtumishi hakuiona. Nia ilikuwa njema: mtumishi na msimamizi wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka, wapitie katikati, wamalizie mwisho. Sehemu nyingi yalifanyika yote matatu kwa mkupuo mmoja, fomu ikijazwa Juni na tarehe za Julai iliyopita. Siku hizi kuna PEPMIS, mfumo wa kielektroniki uliochukua nafasi yake, na humo kazi zinaingizwa na kufuatiliwa mwaka ukiwa unaendelea. Ni hatua kubwa. Hata hivyo mfumo hauwezi kumkalisha bosi na mtumishi wake wakazungumza. Hilo bado ni la watu.

Anayesubiri Juni ana tatizo jingine: kumbukumbu ya binadamu. Tunakumbuka yaliyotokea Mei na kusahau ya Septemba. Tena tukimpenda mtu kwa jambo moja tunampa alama za juu kwa yote. Edward Thorndike alilionyesha hili mwaka 1920 kwa kuangalia jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima askari wao: aliyepewa alama nzuri za umbo na mavazi alipewa nzuri pia za akili na uongozi, ingawa hivyo ni vitu tofauti. Kijana anayeamkia "shikamoo" kwa heshima na kuvaa nadhifu ni kijana mwenye adabu. Kama hesabu zake zinafunga, hilo ni swali jingine, na lipimwe kwa hesabu.

Dawa yake ni daftari. Msimamizi aandike mstari mmoja wa tarehe kila jambo kubwa likitokea, zuri na baya. Kisha mazungumzo mafupi kila mwezi, ya nusu saa, maswali mawili tu: nini kimekwenda, nini kimekukwamisha. Swali la pili ndilo lenye faida zaidi, kwa sharti kwamba likijibiwa, bosi achukue hatua. Mfanyakazi akisema printa imekufa tangu Machi na Juni bado imekufa, mwaka unaofuata hatasema kitu.

"Ukimsifu atalewa sifa, mkaripie ndiyo atanyooka"

Tumelelewa hivyo wengi. Lakini mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu kuwaeleza watu matokeo ya kazi zao, na wakakuta jambo linalopaswa kumshtua kila msimamizi. Kwa wastani maelezo hayo yanasaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matukio utendaji ulishuka. Walivyoona wao, maelezo yanayomgusa mtu mwenyewe humtoa kwenye kazi, na yale yanayogusa kazi humrudisha kwenye kazi.

"Wewe umezidi uzembe" ni maneno juu ya mtu. Akitoka hapo anawaza heshima yake, na kama amekaripiwa mbele ya wenzake, anawaza jinsi atakavyowatazama kesho. "Ankara tatu za jana hazina namba ya mteja, ndiyo maana malipo yamekwama" ni maneno juu ya kazi. Anajua pa kuanzia. Na sifa nazo ni hivyo: "hongera sana" haimfundishi mtu kitu, ila "ulivyompigia mteja kabla hajaja kulalamika, ndivyo hivyo" inamwambia arudie nini.

Na mtu mzima aitwe pembeni. Huku kwetu katibu muhtasi anaweza kuwa na umri wa mama yake bosi. Kumwita "mama", kumwamkia kwanza, kisha kumweleza kosa lake wazi mkiwa wawili, hakupunguzi mamlaka ya mtu yeyote.

"Anayechelewa kutoka ndiye mchapakazi"

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Mchumi John Pencavel alipochambua kumbukumbu za wafanyakazi wa viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliona kwamba saa zikipita takribani 50 kwa wiki, kila saa ya nyongeza ilizaa kidogo kuliko iliyotangulia. Taa inayowaka saa mbili usiku inaonyesha kwamba mtu yupo. Amefanya nini, uliza.

"Zawadi ya Mei Mosi inatosha kuamsha watu"

Cheti na bahasha ya mfanyakazi hodari ni jambo jema, na nimeona watu wazima wakikipamba cheti hicho sebuleni kwa fahari ya kweli. Lakini pale ambapo zawadi huzungushwa idara kwa idara, mwaka huu usafirishaji, mwakani uhasibu, kila mtu anajua haihusiani na kazi. Andikeni vigezo mapema na mvifuate, hata kama idara moja itashinda mara mbili mfululizo.

"Mshahara tu ndiyo tatizo"

Mshahara mdogo au unaochelewa unaua ari, hakuna ubishi, na mwajiri asiyelipa kwa wakati asizungumzie utendaji kabisa. Lakini nyongeza haitamfundisha mtu kutumia mfumo mpya wa malipo ambao hajaelekezwa.

"Sheria inawalinda wazembe, huwezi kumwachisha mtu"

Sasa tumefika kwa yule ambaye kweli hafanyi kazi. Katika sekta binafsi, kushindwa kazi ni sababu halali ya kuachishwa. Sheria inamtaka mwajiri awe na sababu ya kweli na afuate utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinauliza maswali ambayo bosi yeyote mwadilifu angejiuliza mwenyewe: kiwango cha kazi kilikuwepo? Mfanyakazi alikijua? Kinafikika? Kwa nini ameshindwa? Alielekezwa, akapewa mafunzo panapohitajika na muda wa kutosha kujirekebisha? Kabla ya uamuzi asikilizwe, na anaweza kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake wa kazini.

Wanaoshindwa kesi mara nyingi ni waliomfukuza mtu kwa hasira Ijumaa jioni, bila karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba waliwahi kuzungumza naye. Mwenye daftari la tarehe, malengo yaliyosainiwa na kumbukumbu za vikao vya mwezi ana la kusema.

Mfanyakazi naye ajue: akiona ameachishwa isivyo haki, ana siku 30 tu kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa au ya uamuzi wa mwisho wa mwajiri, na aliyechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu. Wengi hukaa miezi miwili nyumbani wakisubiri bosi apoe, kisha wanakwenda.